Uzio Usionekane Kwenye Picha

Otilie alikuwa amekwishapanga kila kitu kwenye kibaraza cha nyumba yao ya Katutura, Windhoek: chupa ya chai, bakuli la vetkuki, maandazi ya kwao, alizokaanga alfajiri, nyama kavu kwenye mfuko wa karatasi, nepi, kamera ya ofisi, na stendi ya kamera ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Mwanawe Tjeripo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa, alikuwa ameketi katikati ya vitu hivyo akitafuna mkanda wa kamera. Kaimbire alifika na pikapu, akazima injini, akachukua vetkuki tatu bila kuomba, na ya kwanza ikaisha kabla hajasalimia.

"Siku hizi wezi wanaamka mapema," Otilie alisema.

"Cha mtoto wa shangazi ni changu," Kaimbire alijibu akitafuna. "Hata hizi umenikaangia mimi, hujijui tu. Chumvi kidogo ingefaa."

Alikuwa mtoto wa mjomba wake. Kwao mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi wameruhusiwa kutaniana na kunyang'anyana tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Otilie hakununa. Alimpa mtoto ambebe, mwenyewe akahesabu nepi upya, maana hata kwa nepi Kaimbire hakuaminika: mara ya mwisho alifutia kioo cha gari.

Kampuni ya utalii iliyomchukua Otilie kwa majaribio ilimtaka atafute vituo vya picha kuanzia Windhoek hadi maporomoko ya Epupa, mpakani kabisa: mahali ambapo mgeni atasimamisha gari, atapiga picha, atakunywa maji, na kuendelea zake. Kila kituo kitakachokubaliwa kingewekewa kibao na meza ya saruji, kisha kingechorwa kwenye kijitabu cha watalii. Bosi wake, Bi Renate, alimpa masharti kwa mdomo huku akikunja vidole. Pawe na nafasi ya kuegesha. Pawe na kivuli. Mwanga uwe mzuri asubuhi au jioni. Pawe na kitu cha kutazama. Na uzio usionekane kwenye picha.

Otilie alikuwa amesomea kupiga picha kwenye madarasa ya jioni, tumbo likikua muhula baada ya muhula mpaka mwalimu akamruhusu kukalia viti viwili. Masharti hayo aliyaona mepesi. Barabara ile alikuwa ameipita mara nyingi, lakini siku zote kama abiria, akiwa amesinzia.

Walipotoka mjini uzio ulianza upande wa kushoto na upande wa kulia, ukaenda nao sambamba kama askari wawili wanaomsindikiza mtu mahakamani.

"Pale pazuri," alisema Otilie.

"Uzio," alisema Kaimbire.

"Pale je, penye vichuguu?"

"Uzio. Na nyuma yake uzio wa pili, wa kuulinda wa kwanza."

Alijaribu kupanda juu ya kibanda cha pikapu na kuelekeza kamera juu ya waya. Alipata mawingu, na sikio moja la tandala aliyekuwa akipita na shughuli zake. Kaimbire alishauri kijitabu kiwe cha mawingu, kwa sababu mbinguni bado hawajagawana mashamba, au wamegawana lakini waya hauonekani kwa huku chini.

Walipoipita Okahandja walimwona mwanamke mnene amesimama kando ya barabara, amevaa gauni pana la kijani linalofagia changarawe na kilemba cha pembe mbili, anapunga mkono kuomba lifti. Alikuwa Bibi Albertine, mama wa mama yake Otilie na mama wa baba yake Kaimbire, waliyemzika Ovitoto miaka mitatu nyuma. Kaimbire alipunguza mwendo na kuwasha taa ya kushoto, kama sheria inavyotaka.

"Mmechelewa," Bibi alisema akifungua mlango.

"Shikamoo Bibi. Tungejua una safari tungepitia nyumbani," alisema Kaimbire.

"Nyumbani wapi? Pale mliponiweka? Mchanga mtupu, na jirani yangu wa kushoto anakohoa." Alipanda mbele, maana mkubwa hukaa mbele, na Otilie akabaki nyuma na mtoto. Gauni lilijaza nafasi yote, ikabidi Kaimbire apapase nguoni kuitafuta gia.

"Toa mkono wako hapo, mume wangu," Bibi alisema. "Watu wataona."

"Waone tu, nimekutolea ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Yule kiwete? Huyo nilimrudisha." Aligeuka akamtazama Tjeripo, akamshika kidole cha mguu, akakitikisa. "Huyu ndiye aliyekuja baada yangu. Nilimwachia mlango wazi. Ana haraka ya kula, huyu."

Kisha akasema lililomtoa kaburini. Alisikia kuwa mjukuu wake ametumwa kupiga picha barabara nzima. Naye alitaka picha moja tu: yeye na mama yake.

Hilo Otilie alilielewa bila kuelezwa, kwa kuwa alikulia kwenye kisa hicho. Mama yake Bibi, aliyeitwa Ueripaka, alikufa Bibi akiwa hajaota jino. Alikufa kwenye shamba la watu, chini ya kilima ambacho kabla ya vita vya Wajerumani kilikuwa cha kwao, na baada ya vita wakawa vibarua chini yake. Mama mdogo alimbeba kichanga mgongoni mpaka Ovitoto. Hakuna aliyekuwa na kamera. Maisha yake yote Bibi Albertine alimjua mama yake kwa kuigiziwa: alivyocheka, alivyoita ng'ombe, alivyokohoa kabla ya kusema jambo zito. Uso ndio hakuna aliyeweza kumwigizia.

"Na huko mliko hamkuonana, Bibi?" Otilie aliuliza.

"Huko tuliko kila mtu yuko alipozikwa, mjukuu wangu. Siyo stendi ya mabasi."

"Lakini wewe umetoka."

"Nimetoka mpaka barabarani. Barabara ni ya serikali. Zaidi ya hapo ni ya wenyewe." Alishusha kioo. "Mtu akifa huenda na sheria za siku yake. Mimi nimekufa juzi, sheria zangu ni hizihizi zenu."

Bibi hakujua namba za barabara wala kilomita. Kwao kila mahali pana sifa zake, na sifa hizo hutaja ng'ombe, watu na visa vyao, na mwenye adabu hapiti mahali bila kupaghania. Kwa hiyo safari ilienda kwa mwendo wa ng'ombe. Walipofika penye mgunga uliopinda alisema, "Simama. Hapa ni pa dume jekundu lililolala njiani siku ya arusi mpaka bibi arusi akaota mvi." Alishuka, akazighani sifa zote bila kuruka mstari, na dume jekundu likatokea ng'ambo ya uzio, likalala. Otilie alipiga picha. Mwanga ulikuwa mzuri, kivuli kilikuwepo.

Kaimbire alichungulia kioo cha kamera. "Dume limekaa vizuri. Ila waya umepita puani."

"Pembeni hapa je?"

"Hapo umepita machoni."

Ikawa hivyo penye bwawa la wachumba wawili, na penye kichuguu cha mzee aliyegombana na kivuli chake. Kila mahali sifa zilisemwa, wenyewe wakajitokeza, wakasimama wima na kurekebisha vilemba vyao, na kila picha ilikatwa na waya mitano iliyonyooka.

Kwenye kizuizi cha polisi, askari kijana aliinama dirishani, akamsalimu Bibi kwa heshima kisha akatazama leseni ya Kaimbire.

"Mama hajafunga mkanda."

"Ni marehemu," alieleza Kaimbire.

Askari alifikiri. "Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Basi angekuwa ameshazoea kufunga. Mkanda ni kwa kila anayekaa mbele." Akangoja mpaka Bibi akapitisha mkanda juu ya gauni, akawatakia safari njema, na akaomba vetkuki moja. Kaimbire alimpa ya Otilie.

Mchana ulipoanza kulegea Bibi aliacha kusimamisha gari. Alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, mikono juu ya dashibodi, akitazama upande wa kulia. Kilima kilitokea taratibu: kipana, na mawe mawili makubwa juu yake, moja limemgeuzia mwenzake mgongo.

"Kile," alisema kwa sauti ndogo. "Mwanamke aliyemnyima mgeni maziwa akampa kiti."

Kaimbire aliegesha. Palikuwa na nafasi ya magari hata matano. Palikuwa na migunga mitatu ya kivuli. Jua lilikuwa limeanza kukipaka kilima rangi ya asali, na Otilie, hata kabla hajashuka, alijua kwamba hiki ndicho kituo ambacho kingempa ajira ya kudumu. Kisha akaona uzio. Ulikuwa mpya, unang'aa, na kwenye lango palikuwa na kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto.

Mwanamume wa ukoo ndiye hutangulia kupiga hodi, na Kaimbire alijua hivyo. Alivua kofia, akafika karibu na waya, akasafisha koo, akaghani sifa za kilima kwa sauti ambayo hata Otilie, kwa shingo upande, aliisifu moyoni. Alighani vizuri tangu mwanzo mpaka mwisho. Kosa lake lilikuwa moja: alizighani zile alizofundishwa na babu yake, za upande wa kuumeni, na kilima kile kilikuwa na sifa za pande mbili.

Aliyetokea kichakani alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo, amekasirika.

"Nani kaniita? Mmempata fahali wangu?"

"Fahali gani, mzee?" aliuliza Kaimbire.

"Fahali gani? Mtu ananiamsha, hajui hata fahali mwenyewe. Mwenye baka jeupe tumboni. Aliingia kwa jirani, jirani akasema ni wake. Kesi bado haijaisha."

"Hatujampata, mzee."

"Basi mlikuwa mnaniitia nini?" Alimtazama Kaimbire kuanzia kofia mpaka viatu. "Wewe ni wa kwetu. Una masikio yetu. Akili umechukua kwingine." Akarudi kichakani akisonya.

Bibi Albertine alikuwa anacheka mpaka pembe za kilemba zinatikisika. "Mume wangu, umeenda kumtongoza binti ukamwamsha babu yake." Alimsogeza kando kwa kiganja. Kicheko kikaisha. Alishika waya wa juu kwa mikono miwili, akaanza sifa za upande wa kuukeni, zile alizofundishwa mgongoni mwa mama yake mdogo kabla hajajua kusema. Mahali pawili alisimama kumeza mate. Alipomaliza, mtu alikohoa kwenye majani, vile mtu anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito.

Msichana alikuja akiteremka, ndoo ya mti ya kukamulia mkononi. Alikuwa mdogo kuliko Otilie, mwembamba, na gauni lake lilikuwa na viraka vilivyoshonwa kwa ustadi. Shingoni alikuwa amevaa kibati cha shaba chenye namba. Alisimama hatua moja kutoka kwenye uzio, akaweka ndoo chini, akamtazama yule mwanamke mzee.

"Umezeeka," alisema.

"Nilikaa sana, Mama."

"Na umenenepa. Nilihofia dada yangu angekubania chakula."

"Hakunibania."

"Alikuwa mchoyo wa sukari."

"Wa sukari, ndiyo. Wa vingine hapana."

Ueripaka alitikisa kichwa kama mtu aliyepata habari aliyoingoja kwa muda mrefu na kukuta si mbaya. Bibi Albertine alikuwa hapepesi. Alikuwa anamtazama kwa mafungu, paji la uso kwanza, kisha nyusi, kisha pua, kama anayekula chakula kitamu na hataki kiishe.

"Njoo basi huku, tupige picha," alisema.

"Siwezi. Sina kibali cha kutoka." Aligusa kibati. "Mtu haondoki shambani bila barua ya bwana."

"Mama, sheria ile imefutwa. Ilifutwa zamani."

"Bwana hajaniambia."

Kaimbire aliukanyaga waya wa chini na kuuinua wa pili, akamwambia Bibi ainame apite. Bibi aliinama. Hakukuwa na kitu kilichomzuia, ila hakupita. Alijaribu mara ya pili kwa kutanguliza mguu, na mguu ukarudi wenyewe, kwa adabu. Suruali ya Kaimbire ndiyo iliyochanika, nyuma, kwa urefu.

"Hata mimi siwezi," Bibi alisema. "Ni ya watu."

Vumbi lilikuja kutoka ndani ya shamba, na chini ya vumbi palikuwa na gari la Bwana Holger, mwenye shamba. Alishuka na mbwa wake, akawasalimu wote kwa Kiherero safi kuliko cha Kaimbire, akauliza habari za mifugo na za mvua na za wagonjwa, kwa mpangilio unaotakiwa. Ueripaka alimvulia kitambaa cha kichwa. Bwana Holger alimwitikia kwa jina.

"Mnafahamiana," alisema Otilie.

"Wapo tangu enzi za babu yangu. Aliniachia shamba pamoja nao. Ni watulivu, hawavunji kitu. Ng'ombe wangu hutoa maziwa zaidi upande huu." Alisema hivyo kwa fahari kidogo.

"Huyu ni binti yake," Otilie alieleza, akimwonyesha Bibi. "Tunaomba aingie dakika chache tu. Wapige picha pamoja."

Bwana Holger alivua kofia na kujikuna. Alikuwa mtu mwema, na jambo hilo lilimsumbua. "Ningemfungulia. Moyo wangu ungependa. Lakini nikimfungulia huyu, kesho watakuja wote." Alitazama barabara, upande wa Okahandja na upande wa Otjiwarongo, kana kwamba tayari anawaona, kila mmoja na mama yake. "Halafu na huu ni msimu wa uwindaji. Bima hairuhusu."

"Na yeye je? Unaweza kumpa barua atoke?"

"Barua hizo hazipo tena, dada. Zilifutwa. Nikimwandikia nitakuwa navunja sheria." Akawatakia jioni njema, akawaachia mfuko wa machungwa juu ya nguzo ya lango, akaondoka.

Walibaki vile, wawili huku, mmoja kule, na Kaimbire akiwa ameegemea pikapu ili kuificha suruali. Tjeripo alianza kulia. Hakuwa na njaa. Alilia tu, kilio cha jioni, na Otilie akamtikisa, akamgeuza, akampigapiga mgongo. Ng'ambo ya waya Ueripaka alifuta mikono yake kwenye gauni. Aliifuta mara ya pili. Haikuwa michafu.

"Mlete," alisema.

Otilie alimtazama Bibi, na Bibi akamtazama mtoto. Cheti cha kuzaliwa cha Tjeripo kilikuwa bado hakijatoka, na kwa sababu hiyo hapakuwa na sheria yoyote iliyokwisha kumjua. Otilie alimpitisha katikati ya waya wa pili na wa tatu, miguu kwanza, mkono wake umefunika kichwa dhidi ya miba, na mtoto akapita kama barua inavyopita kwenye tundu la sanduku la posta.

Ueripaka hakumpakata kama wanavyopakata siku hizi. Alimlaza kwenye mkono wa kushoto, chini chini, karibu na nyonga, kiganja kimekishika kisigino kimoja, na kidevu chake akakiweka juu ya utosi wa mtoto na kuanza kupuliza taratibu kwenye nywele. Tjeripo alinyamaza.

Bibi Albertine aliinua mkono wake mwenyewe, akagusa utosi wake chini ya kilemba. Aliukalisha mkono pale.

"Kumbe ilikuwa hivi," alisema. "Huwa nasikia upepo hapa. Maisha yangu yote nilidhani ni baridi."

"Ulikuwa hulali bila kupulizwa," alisema Ueripaka. "Ulikuwa msumbufu kuliko huyu."

Otilie alifungua stendi, akaupa mguu mfupi jiwe. Alijaribu kutoka kushoto, akajaribu kutoka kulia, akapanda juu ya kibanda cha pikapu, akalala chini kwenye changarawe. Popote alipoiweka kamera, waya ulipita kati ya wale wawili. Jua lilikuwa linakwenda. Alifuta jasho na kitu kingine machoni.

"Haiwezekani, Bibi. Uzio unaonekana."

"Piga hivyo hivyo, mwanangu. Si upo?"

Alipiga. Binti mwembamba na kichanga upande ule, mwanamke mzee upande huu, mkono kichwani, na kilima nyuma yao kimewaka. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, pamoja na waya wake mitano.

Bibi hakutaka kuendelea na safari. Epupa hakuwa na mtu. Walimwachia chai na nusu ya nyama kavu, Tjeripo akarudishwa kwa njia ileile akiwa amelala, nao wakaenda kaskazini. Huko walipata vituo vingine kadhaa visivyo na uzio, sehemu ambazo, alivyosema Kaimbire, hata ng'ombe mwenyewe akipelekwa huuliza amekosa nini.

Ofisini Bi Renate alizitazama picha zote, akairudia ya kilima.

"Hii," alisema. "Hii ni ya jalada. Hawa ni nani?"

"Bibi yangu na mama yake."

"Wamependeza sana. Huyu mama ni kijana." Akasogeza kioo karibu na macho. "Sasa, uzio."

"Haukuondoka," alisema Otilie.

"Usijali, utaondoka." Alimwita kijana wa kompyuta, naye akaketi, akatia sukari kwenye chai yake, na kabla chai haijapoa waya mitano yote ilikuwa imekwisha. Palipokuwa na nguzo aliotesha majani. Sasa wale wanawake wawili walisimama kwenye nyasi moja, hatua mbili kati yao, na hapakuwa na sababu ya mmoja kutomwendea mwenzake. Siku hiyo hiyo Otilie alipewa ajira ya kudumu, yenye likizo na matibabu ya mtoto. Alitia sahihi, akanunua keki, na Kaimbire akala sehemu kubwa zaidi.

Vijitabu vilipotoka matbaani alimpelekea Bibi cha kwanza. Meza ya saruji ilikuwa imeshawekwa chini ya mgunga, na kibao chenye mchoro wa kamera. Bibi alikuwa ameketi mezani, Ueripaka ameketi kwenye ndoo yake ng'ambo, wanabishana kuhusu sukari. Otilie aliweka kijitabu juu ya meza.

Bibi alikitazama kwa muda mrefu. "Pua ni yangu," alisema. "Na sikio hili. Ona, Mama, sikio." Alikiinua ili mama yake aone, na Ueripaka akainama, akasema kuwa sikio ni la baba yake, na pua pia, na kwamba yeye alimpa miguu tu. Walicheka kwa namna moja. Otilie hakuwahi kujua kuwa kicheko kile, ambacho na yeye alikuwa nacho, kilikuwa na mwenyewe.

Kisha Bibi akapitisha kidole katikati ya picha, kutoka kwake hadi kwa mama yake, polepole.

"Waya je?"

"Waliufuta, Bibi. Kule ofisini."

"Aa." Aliinuka, akaenda kwenye uzio na kunyoosha mkono, kama mtu aliyeambiwa kuwa mlango uko wazi. Mkono wa gauni ulinasa kwenye mwiba. Aliunasua. "Ufutaji huo huku bado haujafika," alisema, bila uchungu, kama anayezungumzia umeme.

Watalii walianza kuja mwanzo wa kiangazi. Waliegesha chini ya mgunga, wakashuka na kamera na vijitabu, wakawasalimu akina mama wawili na kuwapanga. Walikuwa wapole, na karibu wote walilalamika juu ya jambo moja: kwenye kijitabu hapana waya. Mmoja aliandikia kampuni, na mwingine akadai arudishiwe alicholipa. Bi Renate akamwita Otilie, akamuuliza, kwa upole pia, kama ana hakika na kazi yake.

Otilie hakumwambia Bibi. Kaimbire ndiye aliyemwambia, siku aliyopita na pikapu kuelekea Outjo, maana mtoto wa mjomba hana siri.

Tangu hapo, gari linapoonekana mbali, Bibi Albertine huvua shali yake kubwa nyekundu na kuitandaza juu ya uzio, kutoka waya wa juu mpaka wa chini, huku Ueripaka akiivuta upande wa pili ikae sawa. Kisha husimama, mmoja huku na mmoja kule. Picha hutoka vizuri. Wageni hudhani ni mapambo ya kienyeji, na wengine huulizia bei. Malalamiko yaliisha, na Otilie sasa anatafuta vituo vya barabara ya mashariki.

Jioni, gari la mwisho linapoondoka, wanawake hao huitoa shali polepole ili isichanike, mmoja akifungua miba ya upande huu, mwingine ya upande ule. Kazi hiyo huwachukua muda, nao hawana haraka, kwa kuwa ndipo vidole vyao hukutana.